Sahani ya Baba Siku Beni Ilipokuja Kucheza

Enzi zetu, uwanja wa mpira tuliokulia kando yake hapa Butembo ulikuwa umeinama kama paa. Mpira uliotoka upande wa chini uliteremka hadi kwenye mikaratusi ya bondeni, na watoto walioufuata walirudi wakinuka majani yake. Baba yangu alicheza winga upande huo, ambao wengine waliukwepa. Jumapili baada ya misa, tukiwa na mahindi ya kuchoma mkononi, tulisikia kilima kizima kikiliita jina lake.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa kahawa akamwajiri aichezee timu yake ya Beni, mji jirani, naye akahamia huko. Kulipwa kwa kucheza lilikuwa jambo geni kwetu; watu waliuona mguu wa mchezaji kuwa mali ya mji, kama chemchemi.

Siku timu hiyo ilipokuja kucheza kwetu, mama alipika fufu na sombe ya majani ya muhogo, akafunika sahani moja. "Hii ni ya papa yenu. Mutu asiiguse!" Sisi watoto tulitaka jambo moja tu: alale nyumbani.

Uwanjani, wale waliozoea kumbeba mabegani walimzomea.

"Wee mutu ya Beni! Leo utakula kwa nani?"

Baba akafunga bao. Nilipiga makofi peke yangu, na mlio wake ukanitisha mimi mwenyewe. Aligeuka, akanitafuta kwa macho, akaninyanyulia kidole.

Mchezo ulipokwisha, mawe yalianza kurushwa. Lori la yule tajiri wa kahawa likawapakia wachezaji wote na kuondoka kwa kasi. Mama alikuwa amesimama barabarani na sahani yake. Baba alikuwa nyuma ya lori, ameshika chuma kwa mikono miwili, akitutazama mpaka kona ikamficha.

"Mama, alituona?"

"Alituona," alisema, akaifunika sahani tena.

Leo wapwa zangu, wasioweza kufika dukani bila pikipiki, huvaa jezi za wachezaji wa nchi za mbali. "Tantine, amesaini timu ingine!" hunipigia kelele mimi, shangazi yao, kwa furaha, na jezi ya jana huwa kitambaa cha kupangusia matope. Hakuna anayezomewa. Ni afadhali hivyo. Baba na mama hawapo tena, uwanja umejaa maduka, na sina wa kuniuliza habari za winga yule wa chini. Vijana hujua kila mchezaji wao analipwa kiasi gani. Mimi hukaa nyuma yao nikiwaza kama yupo mtu, mahali fulani, aliyemfunikia mchezaji huyo sahani.