Kamba Niliyopimia Nyumba ya Mutsamudu

Sababu ya safari hii ilikuwa picha. Jirani yetu hapa Unguja, aliyerudi Hija kwa njia ndefu kuliko wenzake, alikuja na picha ya mji wa kale wa Waturuki: nyumba nyeupe zimepandana ubavuni mwa mlima, dirisha la huyu juu ya paa la yule. Tuliipokezana barazani tukistaajabu, kisha nikaiingiza ndani aione na mama mkwe wangu, Bi Rukia.

"Hii Mutsamudu," akasema.

Nikamweleza kwa upole kwamba ni Uturuki.

"Mutsamudu. Aliyepiga picha hakuuliza tu."

Bi Rukia alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, huko Komoro. Aliletwa Unguja akiwa mwari, akazaa, akapata wajukuu, na kwao hakurudi tena. Jioni ile alitangaza kwamba anataka kwenda kukaa mwezi mmoja katika nyumba aliyozaliwa, kabla magoti hayajamsusa kabisa. Hayo magoti ndiyo yaliyokuwa kazi, kwa sababu mji wenyewe ni ngazi tupu. Mke wangu akanitazama. Mimi ni mwalimu wa shule, na nyumbani nasifika, au tuseme nachekwa, kwa kupanga mambo. Hata futari huwa naiandikia ratiba. Nikasema nitatangulia mimi, likizo ya shule ikianza, nikapange makazi: mama atashukia wapi, atapandishwaje, atalala chumba gani.

Katika nyumba ile anaishi Bi Echati, mdogo wake Bi Rukia, na mumewe Bwana Bakari. Nikamwandikia barua Bwana Bakari. Akajibu kwa neno moja: karibu. Nililiona neno hilo linatosha.

Nilifika Moroni, kisiwani Ngazija, asubuhi, meli ikatia nanga mbali, abiria tukateremshwa kwa mashua. Mji umejengwa kwa mawe meusi ya mlima Karthala, na mtu akivua viatu saa sita mchana anakumbuka dhambi zake zote. Katika ofisi ya Wafaransa karani alitaka kujua nina shughuli gani Ndzuani. Nikamwambia nakwenda kuhesabu ngazi. Akanitazama muda mrefu, kisha akaandika "matembezi".

Mwenyeji wangu alikuwa Mdahoma, binamu ya mke wangu, mwalimu wa chuo cha Kurani. Tulipokuwa tunakula nilimsomea ratiba yangu yote. Akanisikiliza kwa adabu.

"Na umemwandikia nani, shemeji?"

"Mwenye nyumba. Bwana Bakari."

Mdahoma akaacha kutafuna. "Visiwani humu mwanamume hana nyumba. Baba humjengea binti yake, na binti akiolewa, mume humfuata na sanduku lake. Hata mimi hapa nimekaribishwa tu. Mwaka wa kumi na nane huu."

"Na akinuna," mkewe akasema huku akiniongeza wali, "anaondoka na sanduku lilelile."

Tukacheka sana. Nikaliandika jambo hilo katika daftari, chini ya kichwa cha habari "Mila", nikafunua ukurasa mwingine. Hayo ndiyo maradhi yetu walimu: tukishaandika kitu tunadhani tumekijua.

Kutoka Moroni nilichukua meli ndogo ya mizigo, na asubuhi ya pili Mutsamudu ikawa mbele yangu. Bi Rukia alisema kweli. Nyumba zimepandana vilevile, zimeshikana mabega mpaka chini ya ngome ya zamani, na harufu ya maua ya langilangi inakupokea kabla ya mwenyeji. Bwana Bakari alinisubiri bandarini, mtu mpole mwenye kofia iliyodariziwa vizuri. Tukaanza kupanda. Vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wanene wangelazimika kupatana kwanza nani apite, na juu ya vichwa vyetu vilikuwa vivuko vya mawe, ambavyo wanawake hupitia toka nyumba hii hadi ile bila kukanyaga njia.

Bi Echati alinipokea vizuri mno. Baba yao alikuwa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Unguja, na Kiswahili alikiacha ndani pamoja na mabinti.

"Dada hajambo, mwanangu?"

"Hajambo, mama, ila magoti."

"Alikuwa anapanda hizi ngazi anakimbia," akasema, akaniwekea samaki mkubwa kuliko wote.

Siku ya pili nilianza kazi. Nilikuwa na kamba niliyoipiga fundo kila mkono mmoja. Nia yangu ilikuwa kumtengenezea mama kiti cha machela, cha kubebwa na watu wanne, na kiti hicho lazima kipite njiani na mlangoni. Basi nikapima. Ngazi za kutoka bandarini nilizihesabu mara mbili nikapata idadi mbili. Nikapima kichochoro, nikapima mlango wa nakshi, nikapima ukumbi. Vivukoni wanawake waliojitanda shiromani zao nyekundu na nyeupe walisimama kunitazama, nami nikawapungia mkono kwa furaha. Ghorofani nilikuta chumba kizuri, kitanda kikubwa kimetandikwa, hakuna anayelala.

"Hiki cha nani, mama?"

"Cha dada," akajibu Bi Echati.

Nikakipima nacho, na kwa ukamilifu nikapima na kitanda.

Mchana chakula kilikuja baridi. Jioni hakikuja kabisa. Kesho yake asubuhi nilimkuta Bwana Bakari amekaa ukumbini, karibu na mlango wa nje, juu ya sanduku.

"La nani hilo, baba?"

"Langu," akasema. "Limetolewa alfajiri, kwa sababu mimi ndiye niliyekukaribisha." Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Nyumba ya mama ni ya mabinti, na mkubwa ndiye wa kwanza. Echati ameishi humo umri wake wote akijua kwamba siku moja dada anaweza kurudi kudai chake. Sasa amekuja mkwe wa dada na kamba, anapima mpaka kitanda. Mji mzima ulikuwa unasema nyumba inachukuliwa. "Na yeye," akamaliza, "hana pengine pa kwenda."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwendea Bi Echati, nikakuta anachagua mchele. Nikamweleza habari yote ya kiti tangu mwanzo. Hakuinua macho.

"Sijaona magoti yanayopimiwa kitanda," akasema. "Kilete hicho kiti nikione."

Nilikwenda Mirontsy, mji wa jirani, nikampata seremala, na baada ya siku mbili kiti kikawa tayari na miti yake miwili mirefu. Nikaita wachukuzi wanne wa bandarini. Bi Echati akasimama juu ya kivuko, akatoa amri moja tu.

"Kaa wewe."

Nikakaa. Nikapandishwa mji mzima, mwalimu mzima wa shule, adhuhuri watu wanatoka msikitini. Mtu mmoja aliuliza kama mimi ni bwana harusi, mwingine akauliza kama ni maiti. Tulipofika kwenye kona ya tatu, miti ikakwama, huku na huku ukutani. Haikwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kona. Ikabidi nishuke, kiti kipitishwe juu ya vichwa, na mimi nimalize ngazi kwa miguu yangu.

Juu yetu Bi Echati, aliyetufuata kivuko kwa kivuko, alicheka mpaka akakaa chini. Nilipofika mlangoni nilimkuta anajifuta macho, na hakuwa anacheka tena.

"Kumbe kweli ni magoti," akasema. "Sikiliza, mwanangu. Kitanda kile nakitandika kila Ijumaa, sijapata kukilalia hata siku moja. Kama dada anataka nyumba yake, ni haki yake, nitatoka. Lakini aniambie mwenyewe. Sitaki kuambiwa na kamba."

Siku ile Bwana Bakari alirudisha sanduku ndani, nami nikapewa chakula cha moto. Seremala akaifupisha miti ya kiti. Juma lile nikapanda meli kurudi.

Unguja nilimsimulia Bi Rukia yote, na kona pia. Kwenye kona hakucheka.

"Nyumba ile nilimwachia siku niliyoondoka," akasema.

"Ulimwambia, mama?"

"Kitu kama hicho kinasemwa?" Akanisogezea karatasi. "Chukua kalamu. Andika: nyumba ni yako na ya binti zako. Mimi nakuja mgeni, mwezi mmoja, ukiniruhusu."

Mimi nimejifunza kwamba kabla ya kupima mlango wa mtu, umuulize kwanza anamwogopa nani. Ratiba nimeichana. Jibu la Bi Echati lilikuja na meli iliyofuata, kwa herufi za Kiarabu, nikamsomea mama mkwe:

"Dada, mgeni wa mwezi mmoja hatumjui huku. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako nimeliweka nyuma ya mlango."

Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akauliza meli inaondoka lini.