Dereva Asiyeomba Msamaha

Shija Luhende alizaliwa Kiloleli, akajifunza udereva kwenye magari ya chama cha ushirika. Katikati ya miaka ya tisini, biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, aliajiriwa na mmoja wao pale Bariadi, Severine, akawa anasomba pamba kutoka vijijini hadi kiwandani. Hakunywa pombe wala hakupakia abiria juu ya mzigo.

Hata hivyo, katika msimu mmoja alitozwa faini mara tatu, na madereva wengine wa Severine hawakutozwa hata moja. Severine akamwonya kwamba akipata ya nne, arudishe ufunguo wa lori.

Makosa yake hayakuzidi ya wenzake. Wenzake waliomba msamaha, yeye hakuomba. Baba yake alimlea hivi: mwenye kosa akifika mbele ya wazee hunyamaza, husubiri kutajiwa adhabu, hulipa. Kubembeleza ni kuwavunjia heshima, kana kwamba hukumu yao inapunguzwa bei kama nyanya.

Asubuhi moja, pale Somanda, Koplo Rhoda, trafiki aliyehamia kutoka Mbeya, alisimamisha malori mawili ya Severine yaliyofuatana. Yote mawili taa zake za breki zilikuwa haziwaki. Dereva wa lile la mbele, Novatus, aliruka chini, kofia mkononi, akampa Rhoda shikamoo ingawa yeye ndiye aliyemzidi miaka kumi.

"Mayu, mama yangu, nimekosa. Mtoto wako mjinga huyu, nisamehe."

Rhoda alicheka, akamwambia aende akatengeneze. Kisha akamgeukia Shija, aliyesimama akitazama chini.

"Wewe huna mdomo?"

"Ninao, afande."

"Mwenzako kaomba."

"Taa zangu haziwaki. Niandikie."

Rhoda aliona ni kiburi, akaandika faini, ya nne.

Shija alilipa, akanunua balbu na kuzifunga mwenyewe. Jioni Severine alimtaka arudi akamwangukie yule koplo, pengine ataifuta faini. Kesho yake Shija alirudi, lakini hakumwangukia. Alimwomba asimame nyuma ya lori, akakanyaga breki. Taa zikawaka.

"Kosa limekwisha, afande."

"Jana ungesema samahani tu, tungeishia palepale."

"Jana zilikuwa haziwaki."

Faini ilikwisha kulipwa na stakabadhi kutolewa; Rhoda hakuwa na cha kufuta. Sheria ya taa iliwekwa kwa ajili ya mtu anayekuja nyuma ya lori. Huyo hasikii maneno matamu ya dereva.

Shija alirudisha ufunguo siku hiyohiyo. Severine alimkabidhi Novatus lori hilo, kwa kuwa taa za lile lake zilikuwa bado hazijatengenezwa. Novatus alimtania kwamba mzee mzima ameshindwa neno moja. Shija alimwonyesha jinsi gia ya pili inavyogoma, akachukua blanketi lake nyuma ya kiti, akashuka.