Yule Niliyemwambia Arudi Melini

Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja chochote isipokuwa chai. Nasema mapema kwa sababu najua utaniangalia vipi. Wengine wameniambia kwamba nilikuwa nimechoka. Kweli, nilikuwa nimechoka, na hadi leo nimechoka. Lakini uchovu ulikuwa wangu, na aliyesikia sauti ile si mimi peke yangu.

Kazi yangu huwachekesha watu. Naishi Kiamunyi, mbali kabisa na bahari yoyote, na ninashughulikia matibabu ya watu walio kwenye meli za watalii. Nilikuwa muuguzi wa wodini kwa miaka mingi kabla ya kuketi mezani na kompyuta na simu mbili. Abiria mzee akivunjika nyonga akicheza densi, mpishi akiungua mkono, daktari wa meli hunitumia faili, nami natafuta hospitali, ambulensi ya kumpokea, na mtu wa kuarifiwa kwao nyumbani. Kwenye kila faili lazima niandike neno moja. "Haraka" maana yake helikopta itafutwe sasa hivi. "Bandari" maana yake mgonjwa anaweza kungoja mpaka meli itie nanga. Usiniulize ni mara ngapi nimeliandika hilo la pili huku nikipiga miayo.

Wesley alikuwa kijana wa Kuresoi, mfua nguo kwenye meli moja kubwa. Alishikwa na tumbo, upande wa kulia chini, na daktari wa meli akashuku kidole tumbo. Bandari ilikuwa mwendo wa siku mbili. Nikaongea naye kwa video.

"Wesley, maumivu yako aje?"

"Niko sawa, sista. Naweza ngoja."

Sasa, mimi nawajua vijana wetu. Wanasema wako sawa hata wakiwa wamejikunja, kwa sababu wanaogopa kurudishwa nyumbani kabla mkataba haujaisha. Nilijua hilo vizuri. Ningemuuliza mara ya pili. Ningemwambia daktari ambonyeze tumbo tena, mbele ya macho yangu. Lakini kulikuwa na faili zingine zinaningoja na mgongo ulikuwa unaniuma. Nikaandika "Bandari."

Kesho yake kampuni ikataka mamake aarifiwe kabla ya upasuaji. Simu yake haikushika asubuhi nzima. Si ajabu, kwao mtandao haufiki, mtu akitaka kupiga simu hupanda mlima. Nikaamua niende mwenyewe. Nikwambie ukweli? Nilitaka tu kuiona barabara badala ya ile meza. Gari nililiacha sokoni, boda boda ikanifikisha mahali tope lilipotushinda, nikamalizia kwa miguu.

Ilikuwa saa tisa alasiri na ukungu umeshateremka juu ya mashamba ya viazi. Mbele ya lango la mbao nililoelekezwa alikuwa amesimama mtu. Amevaa gauni la wagonjwa, lile jepesi la kufungwa kwa kamba mgongoni. Miguu mitupu. Kwenye kifundo cha mkono ana ule ukanda wa plastiki wenye jina. Mkono mwingine ameushika tumboni, upande wa kulia.

Unajua niliwaza nini? Niliwaza kikazi, Mungu anisamehe. Niliwaza, nani amemruhusu huyu kushuka melini?

"Wesley?"

"Sista." Sauti ileile ya kwenye video. "Uliandika ati naweza ngoja. Nimechoka kungoja. Nimekuja tu nione mathe."

Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa analitazama lango tu, na vidole vyake vilipofika kwenye komeo havikushika kitu.

"Nifungulie, sista," akasema. "Mimi siwezi."

Niambie, wewe ungefanya nini? Mimi nilijua mwili wake uko mbali juu ya maji, na nikajiambia kwamba akiingia hapa, basi kule amekwisha. Amini nakwambia, nilidhani namwokoa.

"Rudi!" nikampigia kelele. "Wesley, rudi melini. Naita helikopta saa hii. Rudi!"

Akaniangalia kidogo. "Sawa, sista," akasema, kwa adabu ileile. Akashuka na njia polepole, ameshika tumbo, mpaka ukungu ukamficha.

Lango likafunguka nyuma yangu. Alikuwa mamake, mikono imejaa udongo.

"Karibu. Ulikuwa unaongea na nani hapa? Nimesikia kama Wesley wangu."

"Ni simu, mama," nikasema. "Mimi ndiye sista wa meli. Nilikuwa naongea na yeye kwa simu."

Uso wake ukafunguka. "Basi ako sawa! Nimemsikia kabisa."

Nikamweleza habari ya upasuaji kwa maneno machache, nikakataa chai, nikaupanda mlima mbio kutafuta mtandao. Nilipompata daktari wa meli nilisema "Haraka" kabla ya salamu. Akaniambia kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na moyo wa Wesley ulikuwa umesimama nusu saa iliyopita. Walikuwa wameshaacha kumhangaikia, wanataka kumfunika, alipofumbua macho na kusema kitu kwa lugha yetu. Mkenya mwenzake wa kufua nguo, aliyekuwa kando ya kitanda, ndiye aliyewafasiria: "Sista ameniambia nirudi."

Helikopta ilifika jioni, ikamkuta amekufa. Saa tatu alizokaa, alizikaa kwa maumivu ambayo dawa haikuyafikia. Hizo ndizo nilizompa mimi. Na mamake alikuwa nyuma ya lango, hatua kumi tu kutoka alipokuwa amesimama. Najichukia kwa hilo, na sioni likiisha.

Tulimzika kwao. Kazi bado ninaifanya, lakini mgonjwa akiniambia yuko sawa, namuuliza tena na tena mpaka anachoka na mimi. Lango langu hapa Kiamunyi silifungi. Majirani wamelalamika, nami nimewaacha walalamike.

Mwezi mmoja baada ya mazishi mamake alinipigia. "Sista, nimekuwa nikifikiria. Hapa kwangu simu haishiki. Siku ile ulikuwa unaongea na nani?" Nikasema mtandao ni mbaya, simsikii, nikakata. Tangu hapo kila Jumapili, wakitoka kanisani, anapanda mlima na kuniuliza swali lilelile.

Kwa hivyo nakuonya. Mtu wako aliye mbali akisema yuko sawa, usimwamini haraka. Na siku ukimkuta langoni mtu asiyeweza kuwa hapo, usimuulize ametokaje huko alikokuwa, wala usijifanye unajua linalomfaa. Mfungulie.

Leo ni Jumapili. Kule Kuresoi kanisa limeshatoka.