Taa Zisizojua Mbalamwezi

Nalichukia neno "mfumo". Nikilisikia tu, kichwa kinaanza kuuma.

Dada yangu ni mjane, na mtumbwi wa dagaa aliouacha shemeji pale Ujiji ndio unaomlisha. Juzijuzi aligawa karabai zote za marehemu, akachukua taa za sola za kampuni moja. Hakuzinunua. "Siku hizi hatuuzi taa, mama, tunauza mwanga," aliambiwa, naye akafurahi kama aliyepewa zawadi. Taa zinabaki mali yao, zikiharibika wanatengeneza wao, yeye analipia matumizi kwa simu. Ndani ya kila taa kuna laini inayopeleka habari zake makao makuu, katika mji ambao sijui kama una hata bwawa.

Huku kwetu mwezi ukiwa mkubwa hatuvui. Dagaa atafuata taa ya nini wakati ziwa zima linang'aa? Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, wavuvi wa dada hurudi kwao Kagunga kuona watoto. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Mfumo haulijui. Uliona taa zimelala muda mrefu, ukaamua zimeibwa, ukazifunga kutoka huko huko uliko.

Tuligundua jioni ile mwezi ulipopungua na giza likarudi. Wavuvi wamefika, mafuta yamejazwa, dada anabonyeza swichi, wapi! Mitumbwi mingine ilikuwa inaondoka. Jirani mmoja aliyepungukiwa watu alisimama karibu akijifanya anakagua kamba, macho yote kwa wavuvi wetu. Hawa hawana mshahara, wanagawana kinachovuliwa. Wakimhama dada, mtumbwi wake ni kuni.

Alinisukumia simu. Mimi ni mwalimu, basi inadhaniwa naweza kuelewana na yeyote.

"Mfumo unaonyesha taa hazijatumika, baba," alisema binti wa huduma kwa wateja, kwa sauti tamu ya kukera.

"Kulikuwa na mbalamwezi, binti yangu."

"Nakuelewa, baba. Ila kwenye mfumo hakuna sehemu ya mbalamwezi. Kuna ugonjwa, kuna safari, kuna msiba."

"Basi weka msiba!"

"Utatutumia cheti cha kifo?"

Nilimjibu maneno ambayo nikiyasikia darasani mtu anapiga magoti. Akaniomba nisubiri, akaniwekea muziki. Muziki ukiwa unapigwa, niliwaona wavuvi wakiingia mtumbwi wa jirani mmoja mmoja, vichwa chini. Nahodha wao alimfuata dada, akamshika mkono.

"Tusamehe, mama. Kuna watoto nyumbani."

"Nendeni salama," alisema dada. Hakumlaumu. Mimi nilimlaumu, nikamlaumu jirani, nikamlaumu na yule binti, ambaye pengine naye ana watoto.

Mtumbwi wa jirani ulikuwa umeshafika mbali muziki ulipokatika. "Tayari, baba! Tumezifungua. Samahani kwa usumbufu."

Taa zote zikawaka kwa pamoja. Ziliangaza mchanga, makasia, na nyavu alizozishona dada mwenyewe. Hapakuwa na mtu mwingine pale. Hasira zilinipanda, nikanyoosha mkono kuzizima.

"Usizime," alisema dada, akaketi ukingoni mwa mtumbwi. "Watasema tena hatuzitumii."