Zamu ya Mjumbe wa Rumonge

Watu wa Rumonge walimchagua Alimasi kwa sababu ya adabu yake. Jambo hili lisemwe mapema, maana baadaye kila mtu alidai kwamba yeye alimpinga tangu mwanzo, na ukiwasikiliza utashangaa mtu huyo alipataje kuchaguliwa. Ukweli ni kwamba wanaume wote wa ufukweni walimkubali kwa sauti moja, na waliokuwa ziwani asubuhi ile walituma salamu kwamba nao wamekubali.

Alimasi alikuwa fundi wa mitumbwi. Baba yake alitoka Manyema na mzigo wa mtu mwingine kichwani, akafika Rumonge, akautua, akaoa, akasema safari imekwisha. Mwana alizaliwa hatua ishirini kutoka kwenye maji na hakuwahi kulala mbali nayo. Alikuwa mtu wa kuvua makubazi mlangoni hata kwenye nyumba ambazo wenyewe waliingia nayo mpaka jikoni. Akikuamkia, alikuulizia mke, watoto, mbuzi na mguu uliokuuma mwaka juzi. Hakuwahi kumkata mtu kauli. Hakuketi mpaka akaribishwe mara mbili, na kanzu yake ya Ijumaa haikuwa na kiraka. Mtu wa namna hiyo, wakasema, hawezi kututia aibu Usumbura.

Usumbura kulikuwa na boma la Wadachi, na boma lilikuwa limeita mkutano. Mwaka ule malale yalikuwa yameshika pwani nzima ya ziwa. Mtu alisinzia na tonge mkononi, baada ya miezi ukamzika. Madaktari wa Kizungu walisema ugonjwa unaletwa na mbung'o wanaokaa vichakani kando ya maji, kwa hiyo kila bandari ichague moja kati ya mawili: watu wafyeke vichaka vyote, au wahame wakakae juu milimani. Kila bandari ilete mjumbe mmoja, aseme mbele ya Bwana Mkubwa wa boma watu wake wamechagua nini.

Rumonge haikuchukua muda kuchagua. Mvuvi akafanye nini mlimani? Fundi wa mitumbwi je, achonge mtumbwi wa kupandia migomba? Wanaume arobaini walikwisha kunoa mapanga. Kazi yote ya mjumbe ilikuwa kubeba neno moja mpaka Usumbura na kulitua pale: tutafyeka.

Mtu mmoja tu aliuliza swali, naye alikuwa Asiya, mke wa Alimasi, muuza ndagala ambaye sauti yake ilisikika sokoni kabla harufu ya samaki haijafika.

"Neno moja tu?" akasema. "Basi mutume mimi. Nitasema na kurudia, na kama hawasikii nitasema tena."

Wanaume walicheka sana. Alimasi naye alicheka, kidogo, kwa adabu.

Aliondoka na kanzu yake imekunjwa ndani ya jamvi. Bandari ya Magara akamkuta mjumbe wa huko, Abdulhamid, muuza samaki mwenye tumbo zuri na sauti laini, wakaamua kufuatana. Njia ilikuwa ndefu na wao wakairefusha. Kila walipofika kwenye gogo la kuvukia mto, mmoja alisimama akasema, "Tangulia, ndugu yangu," na mwenzake akasema, "Hasha, mimi nitanguliaje mbele yako?" Kwenye mto mmoja walisimama mpaka mwanamke aliyetoka kuchota maji akawaomba wampishe apite. Wakampisha, wakamwombea kheri, wakaanza tena.

Usidhani huu ulikuwa mchezo. Katika mabaraza ya waungwana wa pwani ile, mdogo ndiye aanzaye kusema na mkubwa ndiye afungaye. Anayeanza amekiri mwenyewe kwamba cheo chake ni cha chini, na aliyemtuma naye cheo chake ni cha chini. Alimasi alijua kwamba akisema kabla ya Abdulhamid, Rumonge itakuwa imekaa chini ya Magara mbele ya ziwa zima, na jambo hilo litasemwa misibani na harusini miaka ishirini. Hakutumwa kwa ajili hiyo. Abdulhamid naye, njia nzima, alikuwa na hesabu hiyo hiyo kichwani.

Mkutano ulikuwa wa fahari, lazima tuseme. Bendera zilipepea, askari walipiga hatua mpaka vumbi likafunika ukuta wa boma, ng'ombe wawili walichinjwa. Wajumbe walikuwa tisa. Waliketishwa juu ya mikeka chini ya paa la nyasi, wote na kanzu nyeupe, wote wametulia, wote wanakohoa kwa kufunika mdomo. Kila bandari, kumbe, ilikuwa imefikiri kama Rumonge na kumpeleka mtu wake mwenye adabu kupita wote. Isipokuwa Nyanza. Nyanza walimleta mvuvi mmoja anayeitwa Uledi, mwenye shuka ya kazini na miguu yenye magamba ya samaki, aliyekaa bila kukaribishwa hata mara moja.

Daktari alieleza habari za mbung'o. Karani wa boma alitafsiri. Kisha Bwana Mkubwa mwenyewe akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama bunduki: "Mnahama au mnafyeka? Anayetaka kufyeka aseme. Asiyesema, anahama."

Kabla hajafunga mdomo, Uledi alikuwa amesimama.

"Sisi wa Nyanza tunafyeka. Tunaanza siku gani?"

Akaketi, akaanza kuchokonoa meno. Minong'ono ya aibu ilipita mkekani. Alimasi aliinamisha macho, akawasikitikia watu wa Nyanza kwa dhati ya moyo wake, kwamba katika watu wote waliokuwa nao wamemtuma huyu. Karani akaandika.

"Wengine?" akauliza.

Alimasi alikuwa na neno lake ulimini, tayari. Alimtazama Abdulhamid. Abdulhamid akamwonyesha kwa kiganja, karibu, tafadhali. Alimasi akarudisha kiganja kile kile, na tabasamu juu yake. Upande wa pili wajumbe wengine nao walikuwa wakikaribishana, na kwa muda ule mkekani palionekana viganja tu, vinakwenda na kurudi, huku wazee wazima wakiombana radhi kwa macho. Alimasi alifurahi. Aliona kwamba haya ndiyo mabaraza, watu wanaojua kukaa na watu. Ikibidi atasubiri mpaka adhuhuri. Mtu wa Rumonge atafunga.

Bwana Mkubwa alitazama saa yake ya mfukoni.

"Hakuna neno," akasema karani, akaandika hivyo. Bwana Mkubwa akanyanyuka, askari wakapiga buti, na wajumbe nao wakasimama kwa heshima.

Alimasi alimfuata karani mpaka uani.

"Bwana karani, samahani sana. Neno letu bado."

"Limekwisha kuandikwa."

"Limeandikwaje nami sijasema?"

"Limeandikwa kwamba hamna neno."

"Ilikuwa zamu ya mwenzangu. Nilikuwa namsubiri."

Karani alikuwa mtu wa mrima, pwani ya bahari, amekulia katika mabaraza kama yale, na labda ndiyo sababu alimtazama kwa huruma. "Mzee," akasema, "Mdachi hajui zamu. Subiri mkutano mwingine."

"Utakuwa lini?"

"Hakuna mwingine."

Njia ya kurudi hawakuirefusha. Kwenye mito, wa mbele alivuka na wa nyuma akafuata, hakuna aliyekumbuka kumkaribisha mwenzake. Walipofika Magara, Abdulhamid alisema tu, "Nitawaambia nini?" Alimasi akashika njia ya Rumonge.

Rumonge walimpokea kwa vigelegele. Akawasimulia bendera. Akawasimulia ng'ombe, na buti za askari, na mkeka aliokalishwa, mkeka wa karibu kabisa na Bwana Mkubwa. Watu walisikiliza wakifurahi mpaka Asiya akapenya katikati na ungo wake wa ndagala.

"Amahoro, Baba Wema. Neno umesema?"

Alimasi akakung'uta vumbi la kanzu. "Mambo ya baraza yana taratibu zake, Mama Wema."

"Miye siulizi taratibu. Umesema ao haukusema?"

"Nilikuwa nangoja zamu."

Akaona nyuso za watu aliokua nao zikibadilika mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mmoja alivyoelewa. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani, na safari hii haya ile haikuwa ya adabu. Hakuna aliyemtukana. Wazee waliondoka wakisema "haya, basi", na mapanga yakarudi nyumbani na makali yake.

Askari walikuja baada ya mwezi. Watu wote wapande juu, upande wa Bugarama, mitumbwi ipasuliwe isije ikawarudisha. Alimasi alitazama mitumbwi kumi na saba ya mkono wake ikigeuka kuni. Kisha mkubwa wa askari akatoa barua: boma linataka mtu mmoja abaki kulinda bandari, mtumbwi wowote usitue bila ruhusa. Awe mtu mwaminifu, mtulivu, anayejulikana na boma.

"Mjumbe wenu ni nani?" akauliza.

Hapo watu wa Rumonge hawakukaribishana. Wote walimnyooshea Alimasi kidole kwa mara moja.

Hivyo, katika pwani iliyosemwa na daktari kwamba inaua, heshima ya kubaki alipewa yeye. Alirudi nyumbani akamkuta Asiya amekwisha kufunga vyungu na jamvi, na binti yao Wema amebebeshwa kibuyu cha mawese.

"Mama Wema, mimi naachwa hapa. Mke anakaa pahali bwana yake iko."

Asiya alikaza fundo la mwisho. Alikuwa akilia, na alikuwa amekasirika kwamba analia.

"Weye walikuchagua, Baba Wema," akasema. "Miye hakuna mutu alinichagua."

Akajitwika, akamshika Wema mkono, wakapanda na wengine. Alimasi aliwafuata mpaka nyumba ya mwisho, na hapo askari akamwekea bunduki mbele ya kifua, taratibu tu, akamwambia mlinzi havuki hapa.

Siku za kwanza alikaa mlangoni. Hakuna mtumbwi uliotua, kwani mitumbwi ilikuwa imekuwa jivu. Siku ya tano alitafuta panga, akaanza na kichaka kilichokuwa karibu na nyumba. Kazi ya watu arobaini aliianza peke yake, na majani aliyoyakata wiki ya kwanza yalikuwa yamechipua tena alipofika wiki ya nne. Mbung'o walimuuma shingoni, akawapiga kofi, akaendelea.

Askari wa doria alipita akamkuta jasho linamtoka.

"Nani kakwambia ufyeke, mzee?"

"Hakuna. Ila pakiwa peupe, watu wangu watarudi."

Askari aliitazama pwani, vichaka vilivyofuatana mpaka macho yanapokoma. Akacheka, bila ubaya.

"Sasa mbona hamkusema mapema?"

Alimasi alifuta jasho, akainama, akaendelea kukata.