Alimuuliza Mara Moja Tu

Mdogo wangu Gyaltsan alikufa mchana kweupe, ameketi kando ya njia, na watu thelathini na wawili walimpita wakikimbia.

Wengi walikuwa wageni. Waliona kijana kapumzika juu ya jiwe, wakampungia mkono, wakaendelea.

Hao sikuwachukia.

Niliyemchukia ni Lundup, wa kijijini kwetu, hapa kwenye milima ya Ladakh. Yeye na Gyaltsan walikua pamoja.

Mbio zenyewe ni kilomita arobaini na mbili za mawe matupu, zinavuka mlima ambao hata yaki, ng'ombe wetu wa milimani mwenye manyoya marefu, hupanda akihema. Huko juu hewa ni haba. Mapafu yakianza kujaa maji, dawa ni moja: ushushwe haraka.

Lundup alimaliza wa tatu.

Siku ya saba ya msiba akaja kwetu na medali mkononi.

"Dada Chorol, naomba niiweke chini ya picha yake."

Utepe wake ulikuwa bado unanuka jasho. Sikuigusa.

Lakini mgeni ni mgeni. Nikamimina chai ya siagi.

"Hapana, dada, nimeshiba."

"Kunywa."

"Usijisumbue, kweli."

"Kunywa, Lundup."

Akapokea kwa mikono miwili.

Ndivyo tulivyo. Kwetu anayepokea mara ya kwanza huonekana mlafi. Hata mtoto anajua kwamba hapana ya kwanza ni adabu tu, na anayetoa lazima abembeleze.

"Ulimkuta hai?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia, nikubebe? Akasema hapana, nenda zako, utapitwa."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

Akainamia chai.

"Mara moja."

Mara moja! Kikombe cha chai tunakibembelezea mara tatu. Uhai wa rafiki yake aliubembelezea mara moja, kisha akakimbilia kipande cha bati.

"Unanitia kinyaa," nilimwambia. "Ondoa hiyo takataka yako. Hata ulipokaa nitapapangusa kwa majivu."

Akasimama. Nilitaka akasirike, hakukasirika.

"Una haki, dada. Lakini aliniambia alipita kwako, pale kileleni. Wewe ulimuuliza mara ngapi?"



Siku ya mbio nilikuwa kileleni, kwenye hema la chai ya wakimbiaji. Kwamba alipita hapo sikuwa nimemweleza mtu, hata mama.

Gyaltsan alifika akikohoa, midomo imekuwa ya zambarau.

"Kaa kidogo," nilimwambia.

"Hapana, dada. Niko sawa."

Nyuma yake wageni walikuwa wamepanga foleni, mikono imenyooshwa.

"Haya," nikasema, nikampa kikombe aliyefuata.

Mimi, dada yake wa tumbo moja, niliyemfundisha mwenyewe hiyo adabu ya kukataa, nilisema "haya" tu.

Lundup alitoka bila kuaga. Kile kinyaa hakikutoka naye. Mpaka leo nikijitazama kwenye kioo nageuza uso.

Naandika nisije nikaanza kujidanganya kwamba nilijitahidi.

Nawe unayesoma, mtu akikwambia yuko sawa na sura yake inakataa, muulize tena. Muulize na mara ya tatu, umkere, umshike mkono kwa nguvu. Akikutukana, mwache atukane.

Anayetukana bado anapumua.