Kilichokuwa Mgongoni mwa Célestine

Goreth alizaa mtoto mmoja tu, Joséline, ambaye siku hizi anasuka nywele kwenye saluni moja ya Hillbrow, mtaa wa Johannesburg, mji ambao wenyewe wanauita Jozi. Lakini watoto waliopita mgongoni mwake hawana idadi. Katika kanisa dogo la Warundi kule Bertrams, nyuma ya duka la matairi, mtoto akilia katikati ya mahubiri hatolewi nje. Anapitishwa mkono kwa mkono, benchi kwa benchi, mpaka amfikie Goreth, naye anamfunga mgongoni na kuendelea kuimba. Desturi hiyo walitoka nayo kambini Kibondo, Tanzania, ambako Goreth alikimbilia wakati Joséline angali ananyonya. Kule kambini mtoto hakuwa na mama mmoja. Aliyekuwa karibu ndiye aliyembeba, na hakuna aliyeuliza.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, akina mama wa kanisa waliamua na wao watembee. Miaka yote walikuwa wanaijua Jozi ya soko na ya usafi wa nyumba za watu tu. Wakasikia kwamba milimani, kusini mwa mji, kuna magofu ya mawe ya watu wa kale. Wakakodi teksi mbili, vile vibasi vya abiria, wakashona na sare: kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano, pamoja na kilemba chake. Joséline hakwenda, maana Jumamosi ndiyo siku yenye vichwa vingi. Akamwacha binti yake Arlène, wa mwaka na nusu, kwa bibi yake, Goreth.

Magofu yenyewe yalikuwa kuta za mawe zilizofika kiunoni, zimezunguka kama mazizi, moja hapa, nyingine pale, nyasi zimejaa katikati. Mlinzi wa langoni, mzee wa Kizulu mwenye koti refu, aliwatembeza, dereva mmoja akitafsiri. Akasema watu walikaa humo, wakapika, wakafuga ng'ombe, halafu vita vikawatoa.

"Vita tena!" akasema Célestine, Mama Thierry, mmoja wa akina mama hao, na wenzake wakaguna.

Mzee akawaonyesha mawe ambayo wanawake wa zamani walisagia nafaka, yamelika katikati kama bakuli. Célestine aliinama, akapitisha kiganja ndani ya mojawapo, dogo, akakawia kunyanyuka.

Wakala, wakaimba. Arlène akasinzia. Goreth akamtandikia kanga kwenye kivuli cha ukuta, ndani ya duara moja dogo, kisha akaenda bombani kuosha sahani na wenzake. Hapo ndipo mbingu ilipopasuka. Mvua za Jozi za mchana hazipigi hodi. Radi moja tu, na mawe ya barafu yakaanza kuwatwanga vichwani. Akina mama wakatimka, huyu na sufuria, yule na viatu mkononi.

Goreth aligeuka kukimbilia kwenye duara. Mbele yake akamwona mama wa sare anatokea upande huohuo, ameinama, mgongoni ana kifurushi cha duara kilichofunikwa gubigubi kisilowe. Ni Célestine. Akapita langoni mbio, mlinzi akampungia mkono, akaingia teksi ya kwanza.

"Mungu ambariki," Goreth akasema moyoni. Akageuka, akapanda teksi ya pili.

Njiani mvua ikazidi, madereva wakasimama kwenye kituo cha mafuta. Goreth akashuka na chupa ya maziwa, akagonga kioo cha teksi ya kwanza, kikafunguliwa.

"Mama Thierry, nipe mtoto anywe."

Célestine akashika fundo la kitenge kwa mikono miwili. Kitenge bado kilikuwa kimemkaza kifuani.

"Amelala? Nifungulie basi."

"Mama Joséline, ngoja kidogo..."

Goreth alishaingiza mkono, akafunua. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu, cha baridi. Jiwe. Jiwe la kusagia, limefungwa vizuri kabisa, upande wake wa duara ukiwa juu kama kichwa cha mtoto.

Chupa ikamtoka mkononi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?" Célestine akauliza. Kisha uso wake ukabadilika. "Yesu wangu. Si yuko na wewe?"

Dereva akazima redio. Dereva huyo, Alexis, kijana wa Uvira, Kongo, hakungoja kuambiwa. "Mama, panda! Wengine shukeni, mbaki nyie wawili!" Akageuza gari na kurudi walikotoka, taa zote zikiwaka.

Goreth alitaka kuomba. Mwanamke ambaye anaweza kuomba mpaka wenzake wachoke magoti, siku hiyo hakupata neno. Midomo ilikuwa inacheza tu. Kwenye kioo mvua ya mawe ilikuwa inagonga, naye kila lilipogonga jiwe alifumba macho.

"Tangu Ruyigi, kule kwetu Burundi, sijasaga ulezi kwa mkono wangu," Célestine akawa analia pembeni yake. "Niliona kama lile la mama. Nikasema nikilibeba kama mtoto, mzee hataniuliza. Mama Joséline, nilipita pale, sikumwona, naapa sikumwona..."

"Nyamaza, dada. Nyamaza tu."

Walipofika, Goreth hakungoja gari lisimame. Alikimbia mpaka kwenye duara. Kanga ilikuwepo, imelemewa na barafu nyeupe. Akaiinua. Chini yake kiatu kimoja cha Arlène. Mtoto hayupo.

Sauti iliyomtoka Goreth hata Alexis aliyekuwa langoni aliisikia. Akakaa kwenye matope na kiatu mkononi.

"Mama! Mama, huku!" Alexis alikuwa anapunga mikono mbele ya kibanda cha mlinzi.

Arlène alikuwa ameketi juu ya meza, amezamishwa ndani ya lile koti refu, anakula mkate uliochovywa kwenye chai. Alipomwona bibi yake akamnyooshea kipande. Mzee hakucheka. Alisimama katikati ya mtoto na mlango, akasema kwa Kizulu, Alexis akitafsiri:

"Nimesikia kilio baada ya nyinyi kuondoka. Lakini mmoja wenu alipita hapa na mtoto mgongoni, nimemwona. Eish! Mlikuja na mapacha mkasahau mmoja?"

Célestine alikuwa ameshafungua kitenge. Akaliweka jiwe miguuni pa mzee, taratibu, kama anayelaza mtoto kweli. Mzee akalitazama, akamtazama yeye, mdomo wazi.

"Ni mimi, baba," Célestine akasema. "Kosa lote ni langu."

"Hapana," Goreth akasema. "Mwambie, Alexis. Huyu alichukua jiwe. Mtoto nilimwacha mimi. Niliona mgongo, sikuangalia uso wa mtoto."

Alexis akatafsiri. Mzee akasogea kando, akampisha. Goreth akanyoosha mikono, kisha akairudisha, akaogopa kumdondosha.

"Mama Thierry," akasema, "nifungie wewe."

Célestine akamfunga Arlène mgongoni mwa bibi yake, akakaza kitenge mara mbili, akalia juu ya fundo.

Garini Goreth hakumshusha mtoto. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkono umezunguka nyuma, ameshika kamguu kalikokosa kiatu.

"Bertrams, mama?" Alexis akauliza.

"Hillbrow, saluni kwa Joséline."

"Si umngoje jioni nyumbani? Umelowa, na pale kuna wateja."

"Nikifika nyumbani nitapata maneno mazuri ya kujitetea," Goreth akasema. "Nataka anisikie kabla sijayapata."